Kufufua injini ya pikipiki ya zamani nyumbani: pima kwanza, ndipo ununue

Kila tunapofungua simu studio na mada ikawa vyombo vya moto, swali hili halikosi: "Nina pikipiki ya marehemu mzee, imekaa miaka nyuma ya nyumba. Niifufue au niiuze kwa watu wa skrepa?" Dakika mbili za hewani hazitoshi kulijibu. Tumeliandikia makala hii uisome taratibu kwenye simu, na uihifadhi kwa siku utakayoshika spana.

Nianze kwa kusema ukweli. Cheti nilicho nacho ni cha utangazaji, si cha ufundi. Lakini nimefungua na kufunga injini ya Honda CG125 ya baba yangu kwenye uwanja wa nyumba yetu Chamazi, wilayani Temeke. Msimamizi wangu alikuwa jirani ambaye ametengeneza pikipiki Mbagala tangu enzi ambazo bodaboda zilikuwa za kuhesabika. Kuna kosa moja nililifanya kwa ubahili, likanifanya nilipe mara mbili. Hilo nitalieleza kwa kirefu, maana ndilo ninaloona wengi wakilirudia.

Honda ya zamani na wajukuu zake

Honda ilianza kuuza CG125 katikati ya miaka ya 1970. Walengwa walikuwa watu kama sisi: barabara ya vumbi, mzigo mkubwa, na oili inayobadilishwa siku mwenye pikipiki anapokumbuka. Pikipiki nyingine za Honda za wakati huo zilikuwa na kamshafti juu, kwenye silinda hedi, ikizungushwa na cheni ndefu. Oili ikichafuka, cheni hiyo na kamshafti yake ndizo zinazoumia mapema. Kwenye CG, wahandisi waliirudisha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia, kisha wakaweka vijiti viwili vya chuma vinavyopanda kando ya silinda na kusukuma valvu. Mafundi wetu huviita pushirodi. Ni mfumo wa kizamani, una kelele kidogo, lakini mgumu kufa.

Upana wa silinda ni milimita 56.5 na pistoni inasafiri milimita 49.5. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 124, ambazo sisi tunaziita cc 125.

Baadaye viwanda vya China vikaiga umbo hilo. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 tulizozoea, zile ambazo kwa miaka mingi mtu aliziita zote SanLG hata kama zimeandikwa jina jingine, zina injini ya ukoo huu. Ndiyo maana Honda ya mzee wako ina wajukuu karibu kila kijiji, na spea zake hazijapotea kama za pikipiki nyingine za umri wake.

Lakini undugu usikudanganye. Tazama namba iliyogongwa kwenye injini ya Kichina. Ukiona 156FMI, hiyo ni silinda moja, upana wa karibu milimita 56, inayopozwa kwa hewa, ya kundi la cc 125. Hiyo ni ya karibu na CG125. Ukiona 162FMJ, upana ni milimita 62, kundi la cc 150, na pistoni yake haiingii kwenye bloku yako hata ukiipiga nyundo. Spea za Boxer na TVS HLX weka pembeni kabisa, zile zina kamshafti juu na ni ukoo mwingine. Na kama ulicho nacho ni Yamaha DT, Suzuki TF au zile Vespa za zamani za Unguja, hizo ni injini zinazochoma oili pamoja na petroli, hazina valvu za kusaga. Kwako sehemu ya kupima bloku na pistoni ndiyo yenye faida.

Kabla ya kushika spana

Tafuta kadi. Kadi ya usajili ya TRA ina namba ya chasisi na namba ya injini. Linganisha na zilizogongwa kwenye chuma. Kama hazifanani, au kama pikipiki bado ina jina la marehemu na ndugu hawajakubaliana nani anarithi, shughulikia hilo kwanza. Nimesikia ugomvi wa familia ulioanza siku injini ilipowaka, wakati miaka yote ilipokuwa chuma cha kuku kulalia hakuna aliyeitaka.

Kisha jiulize kama injini imekufa kweli. Nyingi zinazoitwa "zimekufa" zimezibwa kabureta na petroli iliyooza, au zina kutu kwenye platini za moto. CG za mwanzo zinatumia platini, si CDI, na platini ikikaa miaka kwenye unyevu haitoi cheche. Safisha kabureta, sugua platini kwa msasa laini, weka plagi mpya na petroli mpya, ujaribu.

Kama kiki haishuki, usiirukie. Toa plagi, mimina vijiko vichache vya oili nyepesi kwenye tundu lake, acha siku mbili tatu. Halafu weka gia ya juu na usukume tairi la nyuma mbele na nyuma taratibu kwa mkono. Ikiachia, umeokoa ringi. Ukitumia nguvu, unavunja.

Ikiwaka, soma moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, hilo ni la kabureta na kichungi cha hewa, usifungue injini kwa sababu hiyo. Kama inakosa nguvu na kiki ni nyepesi, weka kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki tena. Kiki ikiwa nzito ghafla, upepo unatorokea kwenye ringi na bloku. Isipobadilika, angalia valvu na gasketi ya hedi.

Karakana ya uwanjani

Huhitaji gereji. Mimi nilikuwa na ubao wa mlango wa zamani juu ya matofali, turubai chini, beseni mbili, mafuta ya taa lita tano, mswaki uliochoka na trei za mayai. Trei za mayai ni hazina: kila shimo linabeba nati zake, na kwenye kila shimo unaweka kikaratasi cha jina. Skrubu za kava za pembeni hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa, na uchomeke kila skrubu mahali ilipotoka. Ukiweka skrubu ndefu kwenye tundu fupi unapasua aluminiamu, na hiyo haina dawa ya bei rahisi.

Simu yako itumie kupiga picha kila hatua, hasa nyaya na mahali kijibomba kinapoingia. Mkono ukiwa na oili, mwite mtoto akupigie. Usioshe vyuma kwa petroli karibu na jiko la mkaa, na kwa kweli usitumie petroli kabisa, mafuta ya taa yanatosha.

Kitu kimoja cha kununua bila kubana mkono ni bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka yenyewe ukiipiga nyundo. Skrubu za Honda za zamani zimekaa miaka arobaini. Bisibisi ya kawaida inakula kichwa cha skrubu, halafu unaanza kutafuta patasi.

Kosa langu

Tulipotoa hedi na bloku, niliona ringi zimekwisha. Bloku ilionekana inang'aa, haina mikwaruzo. Jirani akasema tuipime. Mimi nikaona kupima ni kupoteza siku: kwenda Gerezani na foleni ya barabara ya Kilwa, kumlipa mkereza. Nikanunua ringi mpya Kariakoo, tukafunga. Ikawaka vizuri. Wiki ya pili moshi wa bluu ukarudi, na oili ikawa inashuka kuliko mwanzo.

Sababu ni hii. Bloku haichakai sawasawa. Sehemu ya juu, ambako moto unawaka na oili ni chache, ndiyo inayoliwa zaidi. Chini kabisa, mahali ringi hazifiki, inabaki kama ilivyotoka kiwandani. Tena pistoni inasukuma mbele na nyuma, hivyo duara linageuka kuwa umbo la yai. Ringi mpya ni duara kamili. Ukiiweka kwenye yai inagusa mahali na kuacha mahali, na oili inapita.

Kinachouma ni kwamba ningeweza kulijua hilo nyumbani kwa fila geji, ile seti ya vibati vyembamba vyenye namba, bila kumlipa mtu. Fanya hivi. Chukua ringi moja mpya ya juu, iingize kwenye bloku tupu bila pistoni, uisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa bila kuinama. Ifikishe chini kabisa, pima mwanya kati ya ncha zake mbili. Kisha irudishe juu, karibu sentimita moja kutoka ukingo, upime tena. Toa namba ndogo kwenye kubwa, halafu gawanya kwa 3.14. Jibu ndilo bloku ilivyopanuka.

Yangu ilikuwa hivi: chini milimita 0.25, juu milimita 0.65. Tofauti ni 0.40. Gawanya kwa 3.14, unapata karibu 0.13. Kwa injini hii, bloku ikipanuka kufika 0.10 ni ya kuchongwa. Yangu ilikuwa imeshapita, na ringi mpya nilizonunua zilikuwa pesa ya bure.

Kwa hiyo pima ndipo uende dukani. Na hapo kuna mpangilio mwingine ambao watu wanaukosea: nunua pistoni kwanza, uipeleke pamoja na bloku kwa mkereza, achonge bloku ifuate pistoni hiyo. Usichonge kwanza ukitumaini utapata pistoni ya kulingana. Pistoni za kupandisha huongezeka kwa robo milimita, na kichwani zimegongwa 25, 50, 75 au 100. Anza na ndogo inayoweza kuondoa uchakavu wote. Ukirukia 100 leo, hujabakisha nafasi ya kuchonga tena.

Wewe uliye mbali na Dar es Salaam, usisafirishe pikipiki nzima. Bloku tupu inaingia kwenye mfuko. Ifunge kwa gazeti lenye oili, na beba pistoni ya zamani kama sampuli, maana muuzaji wa Kariakoo anauza kwa kuona, si kwa maelezo ya simu. Makao makuu ya mikoa mengi yana wakereza vyuma, na kwenye vyuo vya VETA ni pa kuulizia pia. Muulize mkereza swali moja: baada ya kuchonga, atapitisha mawe ya kusugua yanayoacha mistari inayopishana? Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili wakati ringi zinazoea. Bloku iliyong'aa kama kioo ni nzuri kwa kujitazamia tu.

Ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, usisuuze kwa petroli peke yake. Unga wa mawe unajificha kwenye ile mistari. Futa kwa kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe, kisha paka oili papo hapo, kwa sababu kutu inaanza ndani ya saa moja, hasa hewa ya pwani.

Juu na chini

Valvu ni kazi ya kukaa chini ya mwembe. Geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia ya kuingizia na ya kutolea moshi, subiri dakika kumi. Yakivuja upande wa valvu, isage kwa pasti ya kusagia kwa kuizungusha mbele na nyuma mpaka pete ya kijivu ionekane pande zote. Osha pasti yote. Valvu ikitikisika sana kwenye tundu lake, kusaga hakutasaidia. Huo ndio moshi unaotoka ukishuka mlima bila kukanyaga moto, kisha ukafungulia.

Chini, shika konirodi ikiwa juu kabisa, vuta juu na sukuma chini. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Kuyumba kidogo kushoto na kulia ni kawaida, wengi wanakosea hapo na kubadili kitu kizima. Kama inacheza juu na chini, ndiyo ile sauti ya kunoki, na kazi inahama kutoka uwanjani kwenda kwa mwenye presi. Kreni ya CG imebanwa kwa presi vipande pamoja. Anayekuambia ataitengeneza kwa nyundo, mwage.

Kama konirodi ni nzima, gia zinaingia na hakuna beringi inayolia, usipasue injini katikati. Nusu ya injini hizi haihitaji kufunguliwa, na kila unachofungua bila sababu ni nafasi ya kukosea.

Ila fungua kava la kulia, upande wa klachi. CG haina kichungi cha karatasi. Ina wavu mdogo chini, na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya kreni, kinachotupa uchafu pembeni kama mashine ya kutenganisha maziwa. Kikombe hicho hakisafishwi mpaka ukifungue, na wengi hawajui kama kipo. Cha baba kilikuwa kimejaa tope jeusi zito, karibu kama udongo wa mfinyanzi. Nati inayokishika ina mapengo. Jirani alitengeneza spana yake kwa kipande cha bomba na tupa.

Kufunga

Ziba tundu la kreni kwa kitambaa safi kabla ya kuweka saklipu za pini ya pistoni. Saklipu zinaruka. Ikidondoka ndani, utashusha injini yote kuitafuta. Weka mpya, usirudishe za zamani.

Alama ya IN kwenye kichwa cha pistoni itazame upande wa kabureta. Maandishi ya ringi yatazame juu, na mianya yake isikae mstari mmoja. Gasketi ya chini ya bloku iangalie dhidi ya mwanga: kila tundu la kupitishia oili lazima liwe wazi. Gasketi ya injini ya ukoo mwingine inaweza kukaa vizuri kwenye bolti zote na bado ikaziba njia moja ya oili, na hedi ikakauka.

Silikoni? Wengine wanaipaka kama siagi kwenye mkate. Inayotokeza ndani hukatika na kwenda kuziba wavu. Gasketi nzuri juu ya chuma safi haihitaji silikoni.

Hakikisha pushirodi zimekaa kwenye vikombe vyake juu na chini kabla ya kukaza hedi. Nati za hedi zikaze kwa kupishana, kidogo kidogo, raundi tatu au nne. Kuseti tapeti ni injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimefunga, alama ya T kwenye magneti ikilingana. Kwa CG nyingi mwanya ni karibu milimita 0.08, lakini fuata kitabu cha modeli yako kama unacho. Kubana sana ni hatari kuliko kelele: valvu isiyofunga sawasawa inaungua.

Oili ni karibu lita moja. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, kwa joto letu 20W-50 inafaa. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na oili za magari zenye kemikali ya kupunguza msuguano zinaifanya iteleze.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, zima moto, piga kiki kama mara arobaini. Fungua kava la tapeti uone oili imefika juu. Isipofika, usiwashe, tafuta ilikozibwa.

Siku za kwanza

Ikiwaka, usiiache ikiunguruma nusu saa uwanjani kwa furaha. Izunguke barabarani, mwendo ukipanda na kushuka, bila mzigo wala kufungulia mpaka mwisho. Badilisha oili baada ya kilomita 100 hivi, na tena ikifika 500. Ile ya kwanza itakuwa na unga wa chuma unaong'aa juani, usishtuke. Baada ya hapo kaza tena nati za hedi injini ikiwa imepoa kabisa, useti tapeti upya. Oili chafu weka kwenye galoni, mpe fundi au mtu wa kukusanya. Usiimwage karibu na kisima.

Yangu nilibadilisha oili ya pili siku niliyorudi kutoka Mkuranga, kwenye shamba ambalo baba alikuwa akilifikia kwa pikipiki hiyo hiyo. Haitoi moshi tena. Asubuhi tapeti zinagonga kidogo mpaka injini ipate joto, na jirani anasema ndivyo ilivyokuwa ikigonga enzi za mzee.